Bisibisi Sikioni

Njoro, Moshi
9 Februari 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na umeanza kukizunguka mwenyewe kihamba chetu, migomba na kahawa yake. Mama na ng'ombe wake wanaendeleaje? Huku sisi ni wazima. Mke wangu Hilda na watoto wanakuamkia.

Najua tangu Krismasi hutaki kusikia jina langu. Nivumilie, nikueleze ya kiwandani.

Unajua kazi yangu ni kusikiliza beringi. Naweka ncha ya bisibisi kwenye mashine, mpini sikioni, kama ulivyonifundisha kwenye mashine yetu ya kumenyea kahawa. Miaka kumi na sita mafundi wananiita Daktari. Mwezi uliopita wakaleta kipimo cha mtikisiko, kidude cha betri cha kushika mkononi, pamoja na mhandisi wa kukitumia, binti aitwaye Scola. Akapima feni ya boila, akasema beringi imeanza kulika. Nikaweka bisibisi yangu, nikatangaza mbele ya wote kwamba beringi ni nzima, na kwamba mimi sifundishwi kazi na betri. Walicheka kweli.

Scola hakubishana. Jumapili feni iliposimamishwa kusafishwa, akaifungua. Baba, gololi zilikuwa zimetoboka kama jino bovu. Ingepasuka ikizunguka, ingemkuta kijana wangu wa kazi, Anaeli, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemtuma apake grisi palepale.

Baadaye Scola akanivuta kando. Akaniambia, akinitazama usoni, kwamba siku ile aliniita mara tatu nikiwa nimempa mgongo. Hakumwambia mtu. Alinikabidhi kile kipimo, akasema macho yangu bado yanafaa.

Baba, sisikii. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linafuata, huu ni mwaka wa tatu. Siku ile bisibisi ilikuwa kimya, nami nikauita ukimya ule uzima. Na Krismasi, uliponiita nikushike mkono uvuke mfereji, sikusikia. Nikapita, ukaanguka. Ukasema mbele ya wakwe kwamba mjini nimejifunza dharau, nikanyamaza. Niliona heri niitwe mwenye dharau kuliko fundi kiziwi. Naona aibu sana.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale, nimelipiga fundo kama wazee wetu wanavyoomba msamaha. Nililikata kwenye uzio wa jirani, halikutoka kwetu, lakini ni isale, na msamaha ninaouomba ni wa kweli.

Msalimie mama na wote wa nyumbani. Pasaka nitapanda kuja. Ukiniona nimekupa mgongo, usiniite. Nishike bega.

Mwanao,
Remigius