Shati la Baba Karambu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Nimetoka kuchuma majani chai saa nane. Mgongo! Kikapu hiki kitanizika. Kisha cherehani mpaka jioni. Sketi za shule nimeshona miaka sita, lakini shati la mwanamume ni kitu kingine. Kola ya kwanza imesimama kama sikio la mbuzi. Nimefumua. Nimeshona. Nimefumua tena.

Jumanne, 8 Oktoba
Misheck, mwenyekiti wa kwaya ya wanaume, amepita. Wanataka mashati kumi na manne ya mkutano wa Ishiara. Kwanza aone moja, Jumapili, likiwa mwilini mwa mtu. Likikaa vizuri, kazi ni yangu. Lisipokaa, watanunua Meru mjini. Eti, "Mama Kinya, shati si gunia la viazi." Akacheka peke yake.
Nikipata kazi hiyo, kikapu naweka chini kabisa. Nasema hapa tu.
Mtu wa kulivaa amemchagua mwenyewe: Mwenda, kwa sababu husimama mbele na kuanzisha wimbo. Kati ya wanaume wote — mkwe wangu, baba wa mjukuu wangu Karambu!

Jumatano, 9 Oktoba
Chai asubuhi. Alasiri, vipimo.
Mama mkwe hampimi mkwe kifua. Hata mkono hatujawahi kupeana. Kwa hivyo Kinya amempima mumewe uani, mimi nikakaa jikoni na kalamu, mlango nusu. Anaita: kifua thelathini na nane! Mgongo kumi na tisa! Nikauliza kama amesimama sawasawa. "Amesimama, mama, wewe andika." Mwenda hakuusogelea mlango. Ana heshima sana huyu.
Kila namba nimeiandika mara mbili.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimekata. Nimeunga mabega, mikono, kafu. Kola imekubali kulala! Nimechoka hata kufurahi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Chai. Mvua. Vitundu saba vya vifungo. Macho.

Jumamosi, 12 Oktoba
Mwenda amekuja kujaribu. Nikachungulia dirishani. Limemkaa kama ngozi! Kinya akapiga ngemi, vigelegele vya kwetu.
Misheck alikuwa anapita barabarani, akamwita. Mwenda akageuka, akanyoosha mgongo kuitikia — kifungo cha tatu kikaruka kwa kuku. Mbele limevutika, nyuma limefanya mfuko.
"Kwani kesho utaimba umeinama?" Misheck akamwuliza. Akaenda zake akicheka.
Nikaelewa. Katika boma langu mtu huyu huinamisha kichwa, hukunja mabega. Miaka tisa! Nimemshonea shati la kunisalimia.
Kitambaa kimebaki cha kukata mbele upya, mara moja tu. Kinya amejaribu kumbana shati kwa pini. Amemchoma, na mabega yamepanda. Kubana mabega hakuelezwi kwa kupiga kelele kutoka jikoni. Ni jicho na mkono wa anayeshona.
Nimetoka. Nikasimama hatua tatu kutoka kwake. Nikasema, "Baba Karambu, simama kama kanisani." Akajaribu. Shingo ikarudi chini. Nikasema, "Basi imba."
Akafumba macho. Akaanza polepole, na mgongo ukafuata sauti. Kumbe ni mrefu!
Nimeingia kuchukua tepu na pini. Naandika haya nimesimama. Kinya ananiita, mama, harakisha, amefika ubeti wa tatu, na wimbo una minne.
Mikono yangu ina weusi wa chai. Naiosha kwanza.