Ngoja Nikisome Kwanza

Baba yangu mpenzi,

Leo nimekusomea Fatiha, kisha nikaona haijanitosha. Yapo niliyotaka uyasikie.

Unakumbuka shangazi alipokuta chini ya godoro langu kile kitabu cha mapenzi? Nilikuwa darasa la saba. Alikuletea hapo barazani kwetu, mtaani Dunda, ulipokuwa unashona kanzu za watu. "Kaka, kichome! Mtoto anaharibika huyu."

Ukakipokea, ukasema, "Ngoja nikisome kwanza."

Nikajua nitapigwa. Ulipokimaliza ukanirudishia mkononi, ukaniuliza, "Huyu bwana anampenda binti wa watu, au anamtaka tu? Hebu soma, uje uniambie." Tukabishana wee, mpaka mama akatufukuza tukabishanie nje! Baadaye ulipokwenda Dar ukaniletea kingine. "Na humu mna mapenzi," ukasema, "ila wanaheshimiana. Jaribu." Hukunilazimisha. Nilikisoma kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa mjukuu wako Zuhura naye hashibi hadithi. Anazisoma kwenye simu, nyingine hata mimi zilinipandisha joto la aibu. Baba yake akataka kumnyang'anya hiyo simu. Nikamwomba aniache nizisome kwanza.

Siku moja tukiwa jikoni, yeye anakuna nazi, nikamuuliza kuhusu mwanamume wa hadithi moja, anayemkataza mchumba wake kuzungumza na ndugu zake. "Wewe unamwonaje, mwanangu?"

 Akasema bila kunitazama, mkono ukiendelea kukuna, "Mama, kuna mtu ananitumia maneno kama yake. Mtu mzima. Anasema nisikwambie."

 Baba, sikupiga kelele. Nilikaa chini sakafuni karibu naye, akanionyesha yote. Jioni ile ile tulikwenda polisi, yeye katikati, mimi na baba yake ubavuni. Mtu huyo amekamatwa. Alhamdulillahi, hakuwa amemgusa.

Nilipomuuliza Zuhura kwa nini aliniambia mimi, alishangaa swali lenyewe. "Si wewe unazisoma na mimi?"

Nilitoka nje nikalia, Baba, kwa furaha na kwa kukukosa. Watu wananiambia nina bahati ya mtoto. Mimi najua bahati yangu ilianzia kwa mzazi.

Mola akulaze pema.

Binti yako, mama Zuhura