Mkopo wa Hitima ya Mama

Karangsari, Kendal
Jumatano, 6 Machi 2024

Mpendwa Kaka Tukiman,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha vumbi la mbolea kiwe kimekuachia. Wifi Ratmi hajambo? Mgongo wake je? Huku mvua haijakoma na mpunga wa majirani umelala majini, ila sisi wa nyumbani tunapumua. Lintang ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa hataki kucheka mbele ya wageni.

Nimekuandikia kwa karatasi na kumpa Karta, anayerudi kazini huko kwenu Sabah, kwa sababu laini yangu ya simu nimeizima, leo siku ya kumi. Kama umepigiwa na watu usiowajua wakakwambia dada yako ni mwizi, basi habari imenitangulia. Kaa chini, Kaka, nikueleze.

Unaikumbuka hitima ya Mama, ya kutimiza siku elfu tangu atutoke. Uliposema mwezi ule huna cha kutuma, nilikujibu kwamba nina akiba yangu ya cherehani. Nilikudanganya. Jirani yetu alimsomea baba yake hitima kwa chai na mihogo, na nilisikia watu walivyomsema. Nikaapa Mama hatasemwa hivyo.

Nikachukua mkopo wa simu. Nilipiga picha nikiwa nimeshika kitambulisho changu, nikabonyeza "nakubali" bila kusoma. Wakaomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyomo simuni, nikakubali na hilo. Niliomba rupia milioni tatu, ikaingia milioni mbili na kidogo. Nyingine wakasema ni gharama. Siku ya saba walizitaka zote tatu, na riba juu yake.

Mbuzi alichinjwa, jiwe la kaburi likawekwa, watu wakala wakasifu. Mimi nilikaa jikoni nikihesabu siku zilizobaki. Siku ya saba ilipofika nilikopa kwa wengine niwalipe wale wa kwanza, kisha kwa wa tatu niwalipe wa pili. Nilikuwa nazima moto kwa mafuta ya taa. Mume wangu sikumwambia. Paryono anashinda kwenye tanuri la matofali tangu alfajiri, na jioni hata kunawa anaona kazi.

Halafu ujumbe ukaanza. Ile picha yangu na kitambulisho waliituma kwa kila mtu: kwa mwalimu wa Lintang, kwa akina mama wa kisomo cha Yasini, kwa Bibi Hartini anayenipa sare za kushona. Chini yake waliandika kwamba mimi ni mwizi, watu wafiche vyao. Bibi Hartini hakuja kuniuliza. Alituma mtu achukue vitambaa vyake.

Baada ya siku mbili akaja mwanamume na pikipiki, jua limeshapanda. Alikuwa na adabu, Kaka, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alivua viatu mlangoni, akaomba maji, nikampa.

"Mama Lintang, sisi hatutaki ugomvi," alisema. "Mtoto anatoka shule saa tano, sivyo? Yule wa begi la waridi. Basi ukipata hela, tuambie mapema."

Akamaliza maji, akashukuru, akaenda zake. Nilibaki nimesimama na ile bilauri mpaka Lintang aliporudi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kalamu yangu inaliogopa. Nilifungua kabati la Mama nikatoa hati ya shamba letu, langu na lako, nikaipeleka kwa Mzee Darsono anunue. Unajua alivyolitamani shamba lile miaka yote. Aliniuliza kama wewe unajua. Nikasema unajua. Akanisogezea pedi ya wino, nikachovya kidole gumba. Hapo macho yakaangukia jina lako kwenye hati, limeandikwa juu ya langu, na mkono ukagoma. Nikasema naenda msalani mara moja. Nikatokea mlango wa jikoni, hati nimeifumbata ndani ya nguo, nikakimbia kwa njia ya mashambani kama kweli nimeiba.

Paryono alirudi mapema siku hiyo kwa ajili ya mvua. Alinitazama mkono.

"Hicho kidole umekiweka wapi?" akauliza.

Nikamwambia yote, nimekaa sakafuni. Hakunipigia kelele. Alitoka uani, nikamsikia akipasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Aliporudi alisema neno moja tu: "Tungekula mihogo siku ile, Win. Mama yako alikuwa anaipenda."

Nililia kuliko siku ya msiba.

Kesho yake hakwenda kazini. Alinipeleka Semarang kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Wakili mwenyewe binti mdogo, lakini alisoma kila kitu. Akasema wale wawili wa kwanza hawana leseni, na ingawa bado wanadai riba, nilishawalipa zaidi ya nilichopokea, kwa hiyo nisiwape hata senti. Wa tatu wana leseni. Hao tutawalipa kidogo kidogo kila mwezi. Vitisho vyote tumevipeleka polisi. Tangu hapo akina mama wawili wa kisomo wamekuja kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, kuniomba anwani ya yule wakili. Bibi Hartini bado kimya.

Hati yetu nimempa mwenyekiti wa mtaa aitunze, kwa kuwa woga wangu siuamini tena. Ukikasirika ni haki yako. Naomba tu usitume pesa, na wakikupigia usiwalipe.

Usidhani yamekwisha. Jana nilikuwa namsindikiza Lintang shuleni, pikipiki ikapunguza mwendo nyuma yetu. Nikainama upesi, nikajifanya nafunga kamba za kiatu. Ikapita, alikuwa muuza mboga. Lintang alinishika bega, akasema polepole, "Mama, umevaa ndala."

Nisalimie Wifi Ratmi na Mjomba Wagiman, umwambie mguu wa cherehani aliouchomelea bado imara. Paryono anakusalimu; Lintang anasema umletee kalamu za rangi. Mwezi wa Ramadhani umekaribia. Mola akulinde juani na mvuani, akujalie kufuturu kwa amani huko ulipo, na sisi atuondolee hofu humu ndani.

Mdogo wako akupendaye, anayengoja jibu lako kwa moyo unaodunda,

Winarsih