Chupa Nne za Bakteria Waliokataa Kuvamia

Kisii, Alhamisi, Mei 1996. Mvua tangu alfajiri, na mimi nina hasira.

Jumanne asubuhi nilipoteza jaribio la wiki tatu. Chupa kumi na mbili za bakteria wa salmonela, kutoka kwa mgonjwa mmoja wa Kebirigo, zilipaswa kukaa tuli. Nikamkuta Mama Kerubo, mfagiaji wetu wa maabara, anatikisa mojawapo.

“Mwanangu, maziwa kwenye kibuyu usipoyatikisa si yanaharibika?”

Alikuwa ananisaidia. Mimi nilifoka. Nilijisomesha kwa kuuza ndizi Mosocho, sijazoea kuchezewa kazi. Nikamwambia atafutwa kazi. Tangu hapo anaapa kwamba aligusa ile moja tu, na hata hiyo haikumbuki ni ipi.

Nilitaka kujua hivi: bakteria akishafika utumboni, anajuaje kwamba sasa ndio wakati wa kuingia ndani ya seli? Haingii ovyo. Vifaa vya kuvamia ni mzigo kuvitengeneza, kwa hiyo anasubiri dalili. Mimi nashuku hewa. Utumboni hewa ni haba.

Sikumwaga chupa. Niliwaweka bakteria wa kila chupa pamoja na kipande cha utumbo wa mbuzi kutoka kichinjioni, kisha nikatia dawa inayoua walio nje tu. Anayebaki hai ni aliyeingia, na hao nikawaotesha kwenye sahani, kila mmoja awe doa.

Leo nimehesabu madoa. Chupa nane, zaidi ya mia tatu kila sahani. Chupa nne: tisa, kumi na moja, saba, kumi na nne.

Nimerudia kuhesabu mara tatu. Ni zilezile.

Kutikisa huingiza hewa. Kama hizo nne ndizo alizokuwa akitikisa kila alipopita na fagio, basi sikupoteza kitu. Nimeona bakteria wakighairi vita kwa sababu ya hewa. Kama sizo, nina namba tu, na daktari mkuu anakuja kesho saa tatu kuandika kwamba jaribio limeharibika.

Anayejua ni mmoja, na nimemfunga mdomo mwenyewe.

Namba za chupa sitamtajia. Nikizitaja atakubali zote ili nimsamehe.

Kesho saa mbili nitazipanga mezani kama zilivyokuwa. Nitamwomba radhi kwanza, kwa Ekegusii, lugha ya kwao. Halafu nataka jibu moja la kidole, kabla ya saa tatu: Mama, ulitikisa zipi?