Shemeji, lile duara umechora wewe

Shemeji Shabani,

Salamu utapata ukinijibu. Kwa sasa sina.

Barua hii naiweka kwenye kundi letu la simu, kundi la watu wa Ghala, hapa Maskati, wote waisome. Mwanangu ulimwita humuhumu mbele ya watu, na mimi nasema humuhumu. Kuandika sijui sana, shule niliishia la nne, unajua. Wasswa, yule Mganda tunayelala naye chumbani, ananisaidia herufi. Maneno ni yangu.

Kuna wageni kwenye kundi hawatujui. Wewe ni mdogo wa marehemu mke wangu, Mwajuma. Mimi ndiye niliyekuombea kazi hapa gereji kwa mzee Nasoro, tajiri wetu. Tumelala chumba kimoja, wewe kitanda cha juu, mimi cha chini, mpaka ulipoondoka ukaenda Ukraine kupigana kwa kujitolea. Idi ni mtoto wangu na Mwajuma, wa pekee. Yuko Muheza, ni kijana mkubwa, ndevu anazo. Juzi umemtumia sauti: "Njoo kikosini kwetu, mjomba. Nimeshakusemea. Huku mtu anaheshimiwa." Naye ameshachukua pasipoti.

Basi hilo ndilo jambo. Mwanangu asije huko.

Unakumbuka ulipofika Maskati mara ya kwanza? Nilikupokea Ruwi kituo cha basi, umevaa koti la sufu kwenye joto lile, unatiririka. Nikakuuliza, koti la nini? Ukasema, "Dada kaniambia Ulaya kuna baridi." Nikacheka mpaka Wahindi wa dukani wakageuka. Nikakwambia Ulaya iko mbele sana, shemeji, hapa ni Uarabuni. Kumbe Ulaya ulikuwa nayo kichwani tangu siku ile.

Kazi yangu mimi ni msasa. Nakwangua rangi ya zamani, nanyoosha bodi, nakula vumbi. Wewe ulikuwa fundi rangi, na fundi kweli, sikunyimi. Mafundi wote wa Ghala wakiandika namba kwenye lori wanabandika tepu kwanza, mstari unyooke. Wewe hapana. Brashi mkono wa kushoto, pumzi umeshika, unavuta mstari hewani hewani. Ukifika mwisho hunyanyui brashi haraka. Unaituliza kidogo. Panabaki nukta nene. Kila mstari wako una nukta mwishoni, kama umechoka ukakaa.

Mzee Nasoro alikuwa analalamika. "Mwanangu, mie nnakwambia tumia tepu, huskii! Hizi nukta za nini? Lori langu limeota chunjua?"

Nawe unamjibu kwa jina tunalowaita mabosi huku, "Arbabu, hiyo sahihi yangu. Wateja wakiuliza nani kachora, wajue."

Anaondoka anacheka. Alikupenda yule mzee. Mpaka leo malori yenye nukta zako yanapita hapa mbele nayajua.

Mwajuma alipofariki, wewe ulikuwa likizo nyumbani, mimi niko huku. Kufa asubuhi, kuzikwa alasiri. Ningefika vipi? Ukaingia kaburini wewe. Ukampokea dada yako, ukamlaza, ukamfungua kamba za sanda. Idi alikuwa amesimama juu anaangalia. Baadaye ukachukua kipande cha bati, ukakipaka rangi nyeupe, ukaandika jina lake kwa mkono, kikawa kibao cha kaburi. Ukanitumia picha. Nililia nikiwa nimeshika msasa. Hilo nalikumbuka na sitalikana mbele ya mtu yeyote. Nilikuwa nasema kila mahali, mke wangu amezikwa na shemeji yangu, na kama angekuwa ndugu yangu tumbo moja asingefanya zaidi.

Ndiyo maana nina hasira hivi. Mtu mwingine ningemtukana nikalala.

Sasa tukumbushane ulivyoondoka Ghala. Gari la mteja lilichelewa. Kosa halikuwa lako, rangi ilichelewa kuja. Yule mteja akaingia kwenye banda anapiga kelele, akakuita mtumwa. Neno moja tu. Wewe ukaweka brashi chini. Ukanawa rangi mikononi kwa tina, taratibu, kidole kimoja kimoja. Mzee Nasoro akatoka mbio, akamwambia yule mtu chukua gari lako, khalas, usirudi hapa. Akakushika bega. "Nshamfukuza, mwanangu. Kaa."

Ukasema, "Nimekusikia, arbabu. Lakini jina hilo sitaki kulisikia tena mpaka nife."

Ukaja chumbani ukafunga begi. Nilikusindikiza. Sikukulaumu. Nilisema moyoni, huyu kijana ana roho, afadhali yeye kuliko mimi niliyezoea.

Sasa uko wapi, Shabani? Uko na nani?

Ijumaa ile nyingine tulikuwa chumbani tunakula ugali na dagaa, Wasswa kaununua unga Ruwi. Wewe ukatuma video: "Gari letu jipya, wazee!" Umesimama na wenzako, unacheka, umekonda. Nyuma yenu pikapu ya kijani. Mlangoni kuna duara jeusi, na kutoka katikati vimstari vimepindapinda kama miguu ya buibui.

Wasswa akaacha kula. "Banange, jamani. Mzee, hii alama unaijua?"

"Sijui. Ya jeshi lao?"

"Ya Manazi hii. Wazungu wa zamani waliosema kuna damu ya mtu na kuna damu ya mnyama. Waliua watu kwa hiyo damu. Na sisi weusi kwao ni wa mwisho kabisa."

Tukakuuliza kwenye kundi. Ukatuma sauti, tena ndefu, tukaiweka spika wote tukasikia. "Shem, nyie mnasikiliza propaganda za Urusi. Hao watu ni wachache. Wengine wanavaa alama kama urembo tu, hata maana hawajui. Hapa tuko kila namna. Kamanda wangu ni mwalimu wa shule. Mimi kwa macho yangu sijaona Nazi hata mmoja. Gari tumelikuta hivyohivyo. Halafu wewe msasa umekusomesha lini mambo ya vita? Profesa wa bodi!"

Chumba kizima kikacheka. Na mimi nilicheka kidogo, ni utani wetu, mashemeji.

Ila mjadala haukuisha. Wasswa mwenyewe akakutetea. Akasema, "Mzee, tuseme ukweli. Hawa wamevamiwa. Nyumba zinapigwa, watoto wanakufa. Mtu akilinda kwake, humchunguzi mwili kachora nini. Na Warusi wanazo alama hizohizo kwa watu wao, wanaficha zao wanatangaza za wenzao."

Nikamwambia, sawa.

"Na waliojitolea wengi ni watu wa kawaida. Kinyozi, dereva, mkulima."

Nikamwambia, sawa, hilo nalo nimekubali. Nimeona majengo yamelala chini, mimi si kipofu. Kama mwizi kaingia nyumbani kwako, pigana, Mungu akusaidie. Mimi siulizi nani kamvamia nani. Nauliza usiku mwanangu atalala jirani na nani, na mgongo wake ataulinda nani. Kwani yule kinyozi wa kawaida akiona alama ile mlangoni anasema nini? Anapanda gari. Kila siku anapanda gari. Mwalimu wa shule ndiye kamanda, na alama ipo. Basi wachache hao wana nguvu kuliko wengi.

Wasswa akakuna kichwa. "Hapo umenibana, mzee."

Ndiyo nikamwambia nipe hiyo simu. Nikaisimamisha video, nikaikuza picha kwa vidole. Nikaukuza ule mlango mpaka duara likajaa kioo.

Nukta, Shabani.

Kila kimstari kimeishia kwenye nukta. Nene, imetulia. Hakuna tepu. Na rangi imevutwa kutoka kulia kwenda kushoto, mkono wa kushoto ule. Nimefuta na kukwangua mistari yako miaka yote, ikikosewa ni mimi nakwangua. Nitaacha kuijua?

Gari mlilikuta hivyohivyo! Uongo gani huu unatudanganya watu tuliokula na wewe sahani moja? Wamejua wewe ni fundi rangi, wamekupa kopo na brashi, ukawachorea. Ukaweka na sahihi.

Labda ulilazimishwa. Labda walikwambia chora duara, ukachora duara, hukujua. Hilo naweza kulimeza. Lakini Wasswa alikuandikia pembeni, akakueleza ni nini. Ukamjibu kwa vile vikatuni vya kucheka. Tangu hapo umejua. Na baada ya kujua ndipo ukamtumia Idi sauti, "huku mtu anaheshimiwa". Baada, Shabani! Hapo ndipo uliponichoma.

Na wale wenzako kwenye video, mmoja kakushika shingo, mkubwa yule mwenye upara. Anakuita nani? Jina lako analijua? Sauti yake imesikika kwenye video, kasema neno, wote wakacheka, na wewe ukacheka lakini macho hayakucheka. Mimi nakujua ukicheka. Sijui lugha yao. Uso wako naujua.

Mteja kakuita mtumwa mara moja, ukaacha kazi. Hawa wameliandika neno lilelile kwenye mlango wa gari, na walikukabidhi wewe brashi. Ukapanda.

Nikampigia Idi. Nikamwambia huendi.

Mwanangu hajawahi kunijibu vibaya. Siku ile akanijibu. "Baba, mama nani alimshusha kaburini? Mjomba. Wewe hukuwepo. Mjomba akiniita naenda."

Nilikuwa nimesimama nje, ukutani, jua linawaka. Nikakaa chini kwenye saruji. Ni kweli. Nyumbani kwetu mjomba ana neno kwa mpwa wake, na wewe ulilipata neno lako kwa haki. Umelipata shimoni, na udongo kwenye magoti. Na ndilo unalolitumia kumvuta.

Nikakata simu. Nikamtumia ile picha, mlango peke yake, duara limejaa kioo. Sikuandika kitu.

Akakaa. Mpaka nikadhani kifurushi kimemwishia. Halafu akapiga.

"Baba, hizi nukta."

"Ndiyo."

"Hizi nukta ziko kwenye kibao cha mama."

"Ndiyo, mwanangu."

"Hii alama ni ya nini?"

Nikamwambia. Kama Wasswa alivyoniambia, sikuongeza. Nikamwambia na mengine, kwamba wale watu wamevamiwa, kwamba wengi wao si wabaya, kwamba na wa upande wa pili wanazo alama zao. Sitaki aseme baadaye baba alinificha nusu. Akasema, "Mjomba alisema kwenye kundi gari walilikuta hivyo."

"Alisema."

"Nitamuuliza mwenyewe. Ijumaa baada ya swala."

Basi Ijumaa baada ya swala atakupigia. Pokea. Ukiwa handakini, ukiwa wapi, tafuta mtandao, pokea.

Atakuuliza nani kachora. Ukimwambia "sijui", ukimwambia "tulilikuta", mtoto ataamini au hataamini, mimi sijui. Anakupenda. Akiamini, atakuja, na kesho atakuwa kwenye ile pikapu na yule mwenye upara. Na akifa huko, nataka unieleze, atashushwa na nani? Yule mkubwa ataingia kaburini ampokee mtoto mweusi wa Muheza, amlaze ubavu, amfungue kamba? Au atamsukuma kwa mguu? Wewe unajua jibu. Mimi nakisia tu. Wewe unalala nao.

Na wewe je? Ukifa wewe nani atakushusha? Nimewaza hilo, mjinga wee. Nimewaza nikiwa nakwangua lori, mpaka nikakwangua bati lenyewe, mzee Nasoro akapiga kelele, "Utalitoboa hilo, mzee! Una nini leo?" Nikamwambia vumbi la machoni.

Mwambie mtoto ukweli. Sema: nimechora mimi, walinipa brashi, nilijua, niliogopa. Sema usije. Ukisema hivyo yeye hatakuchukia, na mimi nitakaa kimya. Kama unaweza kutoka huko, toka, njoo hata na begi tupu. Kitanda cha juu hakina mtu, nimeweka makopo yangu tu, nitayashusha.

Ukimdanganya, nimemwambia Idi achukue rangi nyeupe akakipake kile kibao upya. Jina la Mwajuma aandike yeye mwenyewe, mwandiko wake mbaya, basi. Dada yako hawezi kukaa chini ya mkono ule.

Amenijibu, "Baba, ngoja kwanza nimsikie mjomba."

Mtoto bado anakungoja. Mimi nimechoka kukungoja, ila yeye anakungoja.

Shemeji yako,
mpaka Ijumaa.