Chupa Inayopumua Gizani

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana hata chakula hakipiti, mimi ni msaidizi wa maabara hapa Rustenburg, Afrika Kusini, kazi yetu ni kutafuta hidrojeni, tunachukua chembe za dhahabu ndogo kuliko vumbi, zimepakwa metali nyingine, tunazitia kwenye chupa yenye asidi ya fomiki, ile ya sisimizi, tunawasha taa, mwanga unazichangamsha na gesi inapanda. Chupa ya pili tunaifunika kwa karatasi ya foili isione mwanga, na hiyo inapaswa kunyamaza, ndipo tunajua kazi imefanywa na mwanga.

Chembe alizitengeneza Rra Seleka, yaani Bwana Seleka, fundi wetu mzee, tuliyemzika Juni. Dhahabu tuliyoagiza ilichelewa, akavua pete yake ya ndoa, akaiyeyusha mbele yangu, akasema, "Usimwambie mke wangu, Mma Seleka, ataniua. Nitanunua nyingine." Hakuwahi. Wiki moja baada ya mazishi chupa iliyofunikwa ikaanza kutoa mapovu, mshauri, mwanga haina, na mimi kwa woga nikaandika daftarini gesi sifuri.

Jumatatu mjane alikuja maabara kuchukua koti la marehemu. Akaniambia, "Mwanangu, alitoka kwangu na pete, akarudi kidole kitupu. Huyo mwanamke unamjua?" Nikasema simjui. Akacheka. "Jumamosi tunafunua jiwe la kaburi. Nimemwambia mchongaji asiweke jina langu. Aache nafasi, mwenzangu ataandika lake." Halafu akageuka. "Kitu gani hicho kinapumua?" Akaweka kiganja juu ya foili, mapovu yakakoma. Alipoondoa mkono yakaanza tena. Naogopa sana. Nimwage chupa, au nimwite mchungaji?

Keneilwe, Rustenburg

Keneilwe,

Pole. Ningekuwa mimi ningetoka mbio bila viatu. Lakini umeuliza habari za chupa, za mtu umezipita kama huzioni.

Nimemuuliza mwalimu wa kemia. Anasema metali za namna hiyo zinaweza kufanya kazi hata gizani, joto la chumba tu linatosha, na jaribio lenu la giza lipo kwa ajili ya kulinasa jambo hilo. Kwa hiyo sifuri yako ni uongo. Nilipofika kwenye habari ya kiganja akaniuliza kama watoto hawajambo.

Basi fungua madirisha, chupa usiizibe, moto usisogee karibu, hidrojeni haina utani. Mpe mkuu wako namba ya kweli, atanuna, atapoa. Na usimwage kitu. Hiyo ni pete ya watu.

Halafu nenda na chupa hiyo kwa Mma Seleka leo, usingoje Ijumaa. Wewe unaogopa chupa, na kule nyumbani mama wa watu anaishi na mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa. Amempa sura, amempa sauti, sasa anampa nafasi kwenye jiwe la mumewe. Ulisema "simjui" badala ya "hayupo", ukamwacha aingie. Usijifiche nyuma ya ahadi. Mzee alikuomba umwepushe na kugombezwa, hakukuomba umwache adharauliwe kaburini.

Mwambie, "Mma, pete ni hii," umpe chupa mikononi. Atakufokea, na unastahili, kwa hiyo kaa kimya hadi amalize. Mapovu yakikoma akiwa ameishika, usiseme neno. Mwache aishike.