Habari za Mawazo? Nzuri

Pito, Sumbawanga
Jumapili, 15 Machi

Dada yangu Coleta,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu zako, wewe na shemeji Gabriel na watoto, na kwamba mvua haijaiharibu biashara yako ya chai hapo stendi ya Laela. Ukitaka kujua hali yangu, mimi sijambo, na Isdori hajambo, ametimiza miezi miwili na nusu na mashavu yamejaa. Baba yake, Wilibrodi, yuko Mpui kwenye ghala la mahindi tangu mwezi uliopita, naye anasalimia.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Yangu imekufa kioo, na ya mama mkwe huwezi kuongea bila yeye kuweka spika, akae pembeni achambue maharage huku ananijibia. Kwa hiyo nimeandika, na kesho nitampa kondakta wa basi la asubuhi. Soma ukiwa umekaa, maana nina hasira, na nyingine ni zako.

Ilianza kliniki, mtoto alipotimiza wiki sita. Kuna fomu ya maswali kumi anayoulizwa mama aliyejifungua: kama bado anaweza kucheka, kama anajilaumu bure, kama analala, kama analia. Kila swali lina majibu manne ya kuchagua, na kila jibu lina alama. Alama zikiwa nyingi, mama haachiwi aende nyumbani hivi hivi, anatafutiwa mtu wa kuongea naye. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nesi, dada mmoja kijana anaitwa Jenifer, alikuwa na foleni mpaka getini, na akina mama wa kwetu wakisomewa sentensi ndefu hutazama chini. Basi akavumbua njia yake ya mkato: akayageuza maswali kuwa salamu. Akaniuliza habari za furaha. Nikajibu nzuri. Habari za usingizi? Nzuri. Habari za mawazo? Nzuri! Coleta, hebu sikia hiyo! Mtu na akili zake anajibu kwamba habari za mawazo ni nzuri! Lakini wewe ungejibuje? Kwetu salamu haijibiwi vingine. Hata mwenye msiba hujibu nzuri kwanza, ndipo aseme amefiwa. Mimi nilikuwa naingoja hiyo "ndipo". Haikuja. Akapiga mstari, akajumlisha, akaandika sifuri kwenye daftari la kliniki.

Alipoinuka kufuata chanjo, nikaivuta fomu nikaisoma. Swali la kumi linauliza kama wazo la kujidhuru limewahi kukujia: mara nyingi, mara nyingine, mara chache, au kamwe. Alama ya vema ilikuwa kwenye kamwe, imenyooka, na hilo sikuulizwa hata kwa salamu. Damu ikanichemka. Aliporudi nikamwomba aniulize upya lile la mwisho. Kabla hajafungua mdomo, mama mkwe, aliyenisindikiza na kukaa kiti cha pembeni yangu, akadakia kwamba mkwe wake ana utani, na kwamba yeye amezaa wanane na hakuna aliyemuuliza habari za mawazo. Wakacheka wote wawili. Nesi akaniambia kwa upole kwamba ameshajumlisha na daftari halifutwi. Upole wake ndio ulioniudhi zaidi, maana mtu mpole utamgombezaje?

Sifuri ile ikatangazwa. Jumuiyani, baada ya rozari, mama mkwe alisimama akasema mkwe wake amepimwa akili na kukutwa na sifuri ya ugonjwa. Wakanipigia makofi! Wilibrodi alipopigiwa simu alishtuka, akauliza nimefeli nini. Ni mwema mume wangu, lakini wema wa Mpui haunisaidii hapa Pito. Wakati huo usingizi wangu wa usiku kucha haufiki saa moja, chakula nakitazama kama kimepakuliwa kwa ajili ya mtu mwingine, na mtoto akilia naona ananishtaki. Nikisema nimechoka, naambiwa nilale mapema.

Sasa hizo hasira zako. Siku ya kunifunda, ni wewe, si mwingine, uliyenishika sikio mbele ya akina mama ukasema ya nyumbani hayatolewi nje, nikiulizwa hali nijibu nzuri hata kama jiko limenizimikia. Nimekutii miaka miwili. Nimekutii mpaka nimekaribia kuisha.

Jumanne iliyopita asubuhi nilimlaza Isdori mkekani, nikamfunika, nikatoka. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta ulezi. Nikaifuata njia ya mashambani, nikakutana na mfugaji mmoja na ng'ombe wake, anaitwa Shija, wa zile familia za Wasukuma waliohamia huku. Akanisalimia kama mtu anavyomsalimia mpita njia, habari za asubuhi. Mdomo wangu, sijui nani aliufungua, ukajibu mbaya. Shija akasimama. Hakucheka. Akaniuliza mbaya vipi. Nikashindwa kusema, nikakaa kwenye tope nikalia mpaka kamasi. Yeye akabaki palepale na fimbo yake, ng'ombe wanaingia kwenye mahindi ya mama mkwe, na hakuwafuata. Niliponyamaza akasema kwao ng'ombe akiacha kula hawangoji aseme anaumwa. Akanisindikiza mpaka mlangoni.

Unadhani pale mlangoni niliulizwa nini? Mahindi! Mistari minne imeliwa, Shija katishiwa kupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, kelele mchana kutwa. Na mimi nimesimama pale na tope mpaka magotini, hakuna hata mmoja aliyeuliza nilikuwa nakwenda wapi.

Basi nakwambia wewe, na wewe ni wa kwanza. Nilikuwa siendi mahali pa kurudi. Nilimfunika mtoto vizuri kwa sababu nilikuwa namuaga. Na haikuwa mara ya kwanza kuwaza hivyo. Jibu langu la swali la kumi ni mara nyingi.

Kule juu nimekuandikia kwamba sijambo. Ningeweza kuchana karatasi nianze upya, lakini nimeiacha uone mkono ulivyozoea. Ni uongo. Naumwa, dada, na nataka kupona. Huyu mtoto nampenda, hata siku ambazo moyo umekufa ganzi.

Alhamisi ni kliniki. Funga hicho kibanda cha chai, panda basi la kwanza, uje ukae wewe kwenye kile kiti cha mama mkwe. Nataka Jenifer anisomee maswali yote kumi na majibu yote manne, neno kwa neno, hata foleni ifike Laela. Akianza na habari za, mzuie. Mpaka siku hiyo nashinda kwa jirani yetu, mama Jane. Nimemwambia sitaki kuachwa peke yangu, naye amenitolea kigoda.

Nisalimie shemeji na watoto. Wakiuliza mama mdogo anaendeleaje, usinijibie. Na wewe ukishuka stendi ukaniuliza habari za huku, nitakujibu mbaya. Usishtuke, wala usinishike sikio. Kaa chini, uniulize mbaya vipi.

Ni mimi mdogo wako,
Angela